Kusema na Kusemea

Mkoba wa Chiriku ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari wake, na ndani yake mlikuwa na dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo. Wenzake walikuwa wanavaa viatu, wengine cha kulia mguu wa kushoto, huku wazazi wakisubiri getini. Mwalimu wa chekechea akahesabu vichwa. Kumi na tisa. Akahesabu tena, maana moyo ulikataa. Kumi na tisa, na asubuhi walikuwa ishirini.

Yule hakuwa mtoto wa kupotea kimya kimya. Jina la Chiriku hakupewa bure. Mdomo wake haukujua likizo. Kimya chake ndicho kilichomtia mwalimu baridi mgongoni.

Alitazama chooni, nyuma ya pazia, chini ya meza ya jikoni. Mpishi aliacha masufuria yake akazunguka uzio wote. Mlinzi akaapa, "Haki ya Mungu, Mwalimu, hapa getini hata paka hajapita."

Mwalimu akarudi darasani. "Nani amemwona Chiriku?"

Watoto walimtazama Kibogoyo, kisha wakatazama ukutani, palipobandikwa karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe mwalimu, wino mwekundu: MSEMEAJI HANA RAFIKI.

Aliibandika muhula uliopita, siku ambayo kichwa kilikuwa kinamgonga. Mwalimu, huyu kanifinya. Mwalimu, yule kanitolea ulimi. Mwalimu, huyu anapumua karibu yangu. Alichoka, naye ni binadamu. Tangu hapo waliyaimba maneno yale kila asubuhi, na darasa likatulia kama maji mtungini. Mwalimu mkuu alimsifu. Yeye mwenyewe, tuseme kweli, alijisifu zaidi.

Kibogoyo alikuwa amesimama kando ya meza, mikono nyuma. Jina hilo alilipata Jumatatu moja alipokuja bila meno mawili ya mbele. Darasa zima lilicheka, na mwalimu alicheka nalo. Mtoto hakucheka wala hakulia.

Mwalimu akapiga magoti mbele yake. "Mwanangu, Chiriku yuko wapi?"

"Aliniambia nisimsemee."

Alitamani kumtikisa mtoto yule mpaka neno limdondoke. Kutoka getini aliisikia sauti ya mama yake Chiriku, akicheka na wenzake, hana habari.

"Nisikilize, baba. Mimi ndiye niliyekosea, siyo wewe." Akamshika mabega, taratibu. "Kusemea ni kumtia mwenzako matatani. Kusema ni kumtoa. Leo nakuomba useme."

Kibogoyo aliyarudia maneno yale mawili taratibu, midomo ikicheza bila sauti.

"Nikisema, atanikasirikia?"

"Labda atanuna," alijibu mwalimu, kwa kuwa hakuwa na muda wa kumdanganya.

"Tulikuwa tunacheza kujificha. Yuko kwenye kabati la magodoro."

Mwalimu alitimua mbio mpaka akaacha kiatu kimoja mlangoni. Kabati lilikuwa stoo, nyuma ya jiko, na komeo lake lilikuwa na tabia ya kujiangukia lenyewe kila mlango ulipobamizwa. Kila mtu mzima pale alijua, na kila mmoja alingoja mwenzake alitengeneze. Alilivuta, likagoma, akalivuta tena, ukucha ukakatika. Chiriku alikuwa amekunjamana kati ya magodoro yenye vumbi, midomo imepauka, kifua kikitoa mluzi mwembamba. Mpishi alifika na mkoba. Wakamvutisha dawa mara moja. Mara ya pili. Wakangoja, na kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko mwaka mzima wa shule. Baada ya mara ya tatu mtoto alikohoa, akafumbua macho, akauliza kwa sauti iliyokwaruza, "Kibogoyo kanisemea?"

Mwalimu akalia pale pale, mbele ya mpishi, bila haya.

Mama yake Chiriku alimbeba mwanawe kwenda hospitali bila kumtazama mwalimu usoni. Wazazi wengine nao wakachukua watoto wao na kuondoka. Mwalimu alirudi darasani, akaibandua ile karatasi ukutani, na ndipo alipomwona Kibogoyo, amebaki peke yake kwenye kiti chake kidogo.

"Hawajaja kukuchukua?"

Nje, pikipiki ilipiga honi. Mtoto hakugeuka.

"Mwalimu, na ya nyumbani je? Nikiyataja, ni kusema au ni kusemea?"

Ile hofu aliyodhani imeondoka na Chiriku ikarudi, ikaingia kwa mlango ule ule. Karatasi ilikuwa imesinyaa mkononi mwake.

"Ni kusema," alijibu.

Kibogoyo alifunika mdomo kwa kiganja, na maneno yakapita katikati ya vidole.

"Meno yangu hayakung'oka yenyewe."

Pikipiki ikapiga honi tena, ndefu zaidi. Mwalimu alikwenda akafunga mlango kwa ndani, kisha akarudi, akavuta kimoja cha vile viti vya watoto, akakaa.