Nafasi Kati ya Malori

Mwalimu Engole alifundisha kwa Kiingereza na kukaripia kwa Kiswahili. Kwa hiyo siku aliposema, "Binti, hii ni nini?" darasa zima la mwaka wa kwanza wa ubunifu wa majengo, chuoni Tororo, lilijua kwamba Nasirumbi amekwisha.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: chagua picha ya rangi, kisha uijenge kwa karatasi ngumu na gundi, kama mtu anayebuni jengo. Nasirumbi alichagua picha iliyotundikwa kwenye kibanda cha chai cha mama yake huko Busia. Aliichora Maloba, fundi wa mabango wa upande wa Kenya: foleni ya malori mpakani, jua la asubuhi likipenya katikati. Basi akatengeneza malori. Na alivyoyatengeneza! Mtoto gani wa Busia asiyejua kuunda lori la boksi lenye magurudumu ya vizibo? Aliweka hadi vioo vya pembeni.

"Hiyo ni ya kuchezea," Engole alisema. "Mimi sikutuma wewe kujenga vitu iko kwa picha. Jenga picha yenyewe."

Nasirumbi akang'oa magurudumu, akabandua vioo, akarudi na maboksi matupu. Engole alipiga miayo, na afadhali angetukana.

"Lori bila magurudumu bado ni lori. Jumatatu ukileta lori tena, nahamisha wewe kwa Mwalimu Harriet. Utachora mabomba ya maji."

Nasirumbi hakuwa na ugomvi na mabomba. Lakini tangu utotoni alitaka kubuni nyumba, nyumba ambazo mtu akiingia anasahau alichokuja kufanya. Akafunganya maboksi yake, akatoka Tororo kurudi nyumbani, roho mkononi.

Jumamosi asubuhi mama yake alivaa sweta lake jekundu, akajitwika beseni la chapati, akashika chupa ya chai.

"Wacha kununa. Beba vikombe, twende kwa madereva."

Malori yalikuwa yamebanana kuelekea mpakani. Nasirumbi alizaliwa na kukulia hapohapo, lakini Tororo ilikuwa imemlegeza. Hata hawajafika mbali, akajigonga goti kwenye bamba la lori la mafuta. Alipoinua macho, mama yake alikuwa ameshatokea upande wa pili.

"Mama! Umepita wapi?"

"Wewe unaangalia lori," mama akacheka. "Lori ni ya wenyewe. Angalia nafasi! Hapa ni nyembamba, geuka kidogo. Huku ni kubwa, pumua. Haya, kuja."

Nasirumbi akafuata. Pembamba, giza, harufu ya dizeli ikimjaa puani. Mara pakafunguka na jua likamwangukia usoni. Kisha pembamba tena, sweta jekundu likipotea mbele na kuonekana, likipotea na kuonekana. Alipofika penye mwanga wa pili alisimama kama aliyemwagiwa maji. Lakini Maloba hakuchora malori! Alichora nafasi hii! Malori ni kingo tu!

Alicheka kwa sauti. Dereva mmoja akachungulia dirishani kuuliza kama kuna kichekesho. "Kipo!" Nasirumbi akamjibu, akageuka mbio, vikombe vikigongana na mama akipiga kelele nyuma juu ya vikombe vyake.

Kibandani aliiteremsha picha akailaza mezani, wateja wakainua chai yao wapende wasipende. Akachukua malori yake akayararua yote. Lile lenye alama za vioo lilimtia uchungu kidogo, akalirarua pia. Vipande hivyo akavisimamisha kuwa kuta, kandokando ya nafasi tu. Pale Maloba alipotia njano, kuta zilikuwa fupi na zilipeana nafasi. Pale alipotia buluu nzito, zilirefuka zikainamiana hadi karibu kugusana. Hakuona jua lilivyozama. Alikuwa na furaha hata gundi ikamfika kwenye nywele.

Jumatatu Engole aliizunguka ile modeli. Nasirumbi akaanza kueleza harakaharaka, mwalimu akamnyamazisha kwa kiganja. Akainama, akachungulia. Kisha akaingiza kidole: kikapita pembamba, kikageuka, kikafika mahali pa mwanga kikatulia hapo, kikaendelea mpaka kikatokea upande wa pili.

"Lori iko wapi?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Na nani anapita hapa ndani?"

"Mama yangu."

Darasa likaangua kicheko. Engole hakucheka. Alikitazama kidole chake kama kimetoka safari.

"Kwa Harriet huendi," alisema hatimaye. "Nyuma ya karakana kuna mbao na magunia. Jenga hii tena, lakini kubwa. Nataka kupita mimi mwenyewe."