Futi ya Kupimia Pumzi za Injini

Mama alikuwa ameshasema pikipiki ya marehemu mumewe iondoke, na Mama akisema amesema. "Inakohoa kama baba yako siku zake za mwisho," alimwambia binti yake. "Sitaki kuisikia tena." Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa njiani na gari lake.

Binti huyo, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, alikuwa uani, ameiinamia pikipiki. Injini si mbovu, aliapa. Ilikuwa na kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, moja ikivuta hewa kwa pupa na nyingine ikizembea. Kikohozi ndicho hicho! Kifaa cha kuzipima hakuwa nacho, lakini ubao wa kukatia nguo alikuwa nao, na futi, na mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, na mafuta ya cherehani. Akaukunja mpira katikati, akaufunga ubaoni, futi akaibandika kati ya pande mbili. Akamimina mafuta yatulie kwenye kunjo, kisha kila ncha akaichomeka kwenye kabureta yake. Yenye pupa ingeyavutia mafuta upande wake, na futi ingesema kwa kiasi gani.

Ila mpira aliukata kama anavyokata suruali: urefu kamili na kidole kimoja cha pindo. Injini ikawaka, ikayafyonza mafuta yote, fyuu! Moshi mweupe ukajaa ua mzima, na magauni ya wateja kambani yakanuka gereji. Mnunuzi akaingia humo humo.

"Dada, mnauza pikipiki au mnafukuza mbu?"

"Kaka yangu, nisubiri kidogo tu!"

"Haya, lakini kamba ninayo mkononi."

Sindano akakata mpira mwingine, safari hii bila ubahili, akausimamisha mrefu kuliko kimo chake. Kule chini akaubana kwa uzi wa jinzi ili mafuta yapite kwa shida. Akawasha. Mafuta yakapanda, yakatetemeka, yakasimama. Yalisimama! Kushoto kumi na mbili, kulia nne. Akashika bisibisi, akaigeuza skrubu inayoziunganisha kabureta, taratibu, ulimi nje kama anayetunga uzi. Kumi. Tisa. Nane, na kulia nane! Kikohozi kikakatika, injini ikanguruma laini.

"Imekubali!" akapiga kelele, akaruka na bisibisi yake. Mnunuzi naye akajikuta anapiga makofi, kamba iko chini.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akatoka, macho kwenye pikipiki. Sindano akanyoosha mkono haraka aizime.

"Usizime."

Mama akaweka kiganja juu ya tangi, akasikiliza. Kisha akakusanya gauni lake, akapanda kiti cha nyuma, akaketi kiupande kama alivyokuwa akiketi nyuma ya mumewe miaka yote ile.

"Toa huo mpira wako tuondoke," akasema. "Na mwambie huyu bwana asogeze gari lake, ametuzibia njia."