Balaa la Adija

Mafuriko yalipong'oa mikorosho ya Adija pale Kitomanga, jirani zake wakanong'ona kwamba mjane huyo ana balaa. Wakaacha hata kuchota maji kisimani kwake.

Bi Zuhura, mwalimu wa darsa la wanawake, alipozipata habari alichukia. Siku ya darsa akamketisha Adija ubavuni pake.

"Balaa kwa Kiarabu ni mtihani," akasema. "Hata mitume walipewa. Hiyo maana ya laana tumeipachika sisi."

"Na mjini siku hizi ni sifa, mwalimu," akadakia binti mmoja. "Mtu hodari wanamwita balaa!"

Wakacheka, Adija naye akacheka. Zuhura hakungoja zaidi.

"Basi kesho tukutane shambani kwake na majembe."

Asubuhi Zuhura alipofika, aliwakuta wanawake wa darsa wameshaanza kuchimba mashimo ya miche.