Mvuvi Mweupe wa Himbi

Mama alisimama ghafla kwenye mawe ya ufuko, akanishika mkono. Mbele yetu ndege mweupe alikuwa ndani ya maji, peke yake, shingo ameikunja.

"Inyange," alinong'ona. "Ngombe ziko wapi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tutoke nyumbani. Tangu nilipomleta Himbi, mtaa wetu wa kando ya ziwa, kutoka milima ya Masisi, baada ya vita kumaliza ng'ombe wake, Mama Béata alishinda chumbani, uso ukutani. Kila asubuhi aliniomba nimrudishe. Kila asubuhi nilimjibu kwamba kule hakubaki mtu wa kumpokea. Hata matembezi yale ya ziwani nilimbembeleza.

Séraphine, jirani yetu anayekausha sambaza, dagaa wa ziwa hili, alikuwa ametusindikiza; alicheka bila ubaya. Alisema ndege yule hajui ng'ombe, ni mvuvi kama mume wake. Mama alikataa. Kwao, alieleza, inyange hutembea miguuni pa ng'ombe wakiokota panzi, na hata mtoto mdogo huwajua. Séraphine akamwomba asogee, aangalie vizuri.

Wakasogea wote wawili, vikwembe wameviinua magotini. Ndege akanyanyua mguu: mweusi wote, ila vidole vilikuwa vya njano, kana kwamba amekanyaga rangi. Akachokoa matope kwa vidole vile. Mara mdomo mwembamba, mweusi, ukachoma maji na kutoka na samaki.

Mama alimtazama ndege mpaka akammeza.

"Haiko ya kwetu," alisema. "Ya kwetu mudomo ni mufupi, ni ya njano. Lakini hii nayo inajua kazi yake."

"Ni bandugu," Séraphine alijibu. "Moja alifuata ngombe, mwingine akabakia ku maji."

Njia nzima ya kurudi Mama alikuwa akigeuka kutazama ziwa.

Kesho yake nilikuta kitanda chake kitupu. Nilikimbia hadi barabarani, nikiwauliza watu wa pikipiki kama wamemwona bibi kizee anayeelekea Sake, njia ya kurudi Masisi. Hakuna aliyemwona. Nikarudi nikilia, nikapitia uani kwa Séraphine kuomba msaada.

Mama alikuwa pale, mikono imejaa magamba, akigeuza sambaza juu ya wavu na kuwasimulia wanawake habari za Gaju, ng'ombe wake mwekundu aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Walikuwa wakicheka. Aliponiona hakuuliza machozi yale yametoka wapi. Alinisogezea nafasi, akanionyesha namna ya kumgeuza samaki bila kumvunja.