Atakayefeli Abaki na Mama

Nimefundisha Kijerumani hapa Sfax, mji wa kusini mwa Tunis, miaka kumi na tisa, na sijapata kuona wanafunzi wawili wakichukiana kama Hayet na Wided. Siku ya kwanza walikaa pamoja kwa sababu vilikuwa vimebaki viti viwili tu. Hayet aliuweka mkoba wake katikati, na mkoba huo haukuondoka pale hadi mwisho wa kozi.

Walikuwa wameolewa na ndugu wawili. Hayet, mwanamke wa miaka arobaini na moja, alikuwa mke wa Moncef, fundi wa kuchomelea vyuma kule Dortmund. Wided, wa miaka ishirini na sita, alikuwa mke wa Anouar, mdogo wake Moncef, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la hoteli mji huohuo. Wanaume walikuwa kule, wake walikuwa hapa, nyumba moja njia ya Gremda, pamoja na mama mkwe wao, Mama Douja, mjane aliyeishiwa magoti lakini si sauti.

Ubalozi wa Wajerumani haumpi viza mke wa mtu mpaka aonyeshe cheti cha A1. Lugha ya kigeni hupimwa kwa ngazi sita, na A1 ndiyo ya chini kabisa. Juu kabisa ni C2, ambapo mtu anabishana na wakili na kufanya utani bila kujikwaa. Mtu wa A1 hatakiwi hayo. Anatakiwa ajitambulishe, ataje herufi za jina lake, aulize bei, aombe asemeshwe polepole, aandike barua fupi. Alama ni mia moja: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila sehemu ishirini na tano. Ukipata sitini umepita. Ukipata hamsini na tisa, unarudi kwangu.

Yote hayo yangekuwa mambo ya kawaida kama Mama Douja asingepiga simu Dortmund. Aliwaambia wanawe kwamba yeye haachwi peke yake ndani ya nyumba aliyowazalia. Mmoja wa wale wanawake aende, mwingine abaki, na kwa kuwa hakutaka kulaumiwa kwa kuchagua, mtihani uchague. Atakayefeli abaki na mama. Wanaume wale wawili, ambao huko wanainua vyuma na masufuria ya watu mia, walijibu, "Sawa, mama," wakakata simu.

Hapo ndipo niliposhtuka. Mama Douja hakuwa ameachia bahati hata kidogo. Alimtaka Hayet abaki. Hayet ndiye aliyekuwa akimwogesha, akimkanda miguu, akimpikia mchuzi wa samaki bila miiba na kumtengenezea mkate wa shayiri kwa miaka kumi na moja. Wided alikuwa na miaka miwili tu pale na hakuwa amejifunza hata sukari inakaa wapi. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, saa ya darasa ikikaribia, Mama Douja aliugua. Mara kifua, mara kizunguzungu, mara alitaka dawa iliyopatikana upande wa pili wa mji tu. Hayet aliingia darasani amechelewa nusu saa, anahema, na Wided alikuwa amekaa tayari, kucha zimepakwa rangi.

Siku moja Hayet aliingia na kitabu chake kikichuruzika maji. Kilikutwa ndani ya beseni la nguo. Aliniomba ruhusa akianike dirishani, kisha akamgeukia mwenzake mbele ya darasa zima.

"Umekosa cha kufua?"

"Kitabu changu hakijalowa," Wided alisema bila kuinua macho. "Labda umekisahau mwenyewe, dada. Umri nao huanza hivyohivyo."

"Huo umri ndio unaokulisha. Miaka miwili, bibie, sijakuona umeosha sahani uliyolia."

"Basi baki uoshe. Unaipenda sana kazi hiyo."

Niliwatuliza, lakini kwa kweli sikuwa nikiwaogopea wao. Niliwaogopea wengine kumi na wanne, ambao siku hiyo hawakujifunza kitu.

Nikiwapima kama mwalimu, kila mmoja alikuwa na nusu aliyoikosa mwenzake. Wided alikuwa na mdomo. Alizungumza Kijerumani na Anouar kwa simu, alitazama tamthilia za Kijerumani, na alijibu kabla hujamaliza kuuliza. Kuandika hakukutaka. Barua zake hazikuwa na salamu wala mwisho, na mazoezi niliyompa aliyaita kazi ya watoto. Hayet aliandika kama karani wa mahakama na alisikiliza vizuri, lakini ukimsemesha alijifunga. Sentensi alizikariri nzimanzima. Ukibadilisha neno moja katika swali, alikutazama kama umemvua kitambaa kichwani.

Katika jaribio la mwezi wa tatu Wided alipata sitini na sita, Hayet hamsini na saba. Katika kuongea Hayet alipata tisa. Nilimwita mezani nikamwambia wazi kwamba kwa kalamu amepita, kwa mdomo bado hajafika.

"Yaani nitamkanda miguu mpaka afe," alisema, "kwa sababu ya mdomo?"

Nilimjibu kwamba mimi sipimi nani anastahili nini. Napima kinachotoka.

"Basi pima," alisema. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuniaga, na tangu siku hiyo hakunisalimu tena.

Mtihani ulikuwa mwezi wa nne. Watahini wa kuongea huwa wawili, na mmoja lazima awe mgeni. Safari hiyo niliketi na Bwana Kilani kutoka Tunis, mtu anayeamini kwamba walimu wa Sfax hugawa alama kama peremende za harusini. Aliniambia hivyo wakati wa kahawa, kabla hata hajakoroga. Kila mtahini hujaza karatasi yake peke yake, halafu tunalinganisha, na pasipolingana tunabishana hadi tukubaliane.

Asubuhi waliandika. Mchana waliingia kuongea, wannewanne, kwa orodha iliyotoka Tunis. Orodha hiyo iliwaketisha Hayet na Wided uso kwa uso. Hao wengine wawili, kinyozi wa Mahres na msichana aliyechumbiwa, walifanya mambo yao vizuri.

Sehemu ya kwanza ni kujitambulisha. Wided alimaliza akitabasamu. Hayet alitiririsha yake kama anayesoma dua, bila kupumua, hadi Bwana Kilani alipomwomba ataje herufi za jina la mtaa wake. Swali hilo halikuwa katika dua. Alifika herufi ya tatu akasimama. Kilani akaandika kitu, nami nikaandika.

Sehemu ya pili ni kadi. Unavuta kadi yenye neno, unamuuliza aliye mbele yako swali lenye neno hilo, naye anajibu. Mada ilikuwa chakula. Wided alivuta kadi iliyoandikwa "Jumapili". Mtu yeyote angeuliza, unakula nini Jumapili. Yeye aliitazama kadi, akamtazama Hayet, kisha akasema kwa Kijerumani laini kabisa:

"Jumapili unampikia mama peke yake? Mimi Jumapili nakula Dortmund, na mume wangu."

Kilani aliinua kichwa, amefurahi. Alidhani ni mazungumzo mazuri. Mimi niliona shingo ya Hayet ikibadilika rangi, na nikaanza kuhesabu sekunde, maana ukimya nao hupimwa. Moja, mbili, tatu. Hayet alifungua mdomo, akaufunga. Saba, nane. Niliiweka kalamu yangu kwenye sifuri.

"Jumapili mimi hapana pika," Hayet alisema.

Sauti haikuwa ya kukariri. Ilikuwa ya chini, imejaa kutu.

"Mimi pika miaka kumi na moja. Mimi osha mama, mimi nunua samaki, mimi safisha choo. Wewe lala. Wewe paka rangi kucha. Sasa kwisha. Sasa wewe pika. Mimi kwenda kwa mume wangu."

Vitenzi vilikaa pasipo pake na wakati uliopita haukuwapo kabisa. Lakini hakuna neno hata moja lililotoka katika kitabu changu. Miezi saba nilikuwa nikimtafuta mtu huyu.

Wided hakutegemea. Alianza kujibu kwa Kijerumani, kikamkimbia, akamalizia kwa Kiarabu kwamba bibi kizee kama yeye hana soko Ulaya. Kilani akainua kidole: Kijerumani tu. Sasa ilikuwa zamu ya Hayet kuuliza. Alivuta kadi ya neno "kupika", akaulaza mkono wake juu ya meza.

"Wewe unajua kupika?"

Swali safi, halina kosa hata moja. Jibu lake ni ndiyo au hapana, mtoto angelijibu. Wided alijibu kwa Kiarabu, kwa kirefu, na sitayarudia. Kilani aliandika sifuri. Nami pia.

Sehemu ya mwisho ni kuomba jambo kwa picha. Hayet alipata picha ya dirisha. Alimwomba Wided tafadhali afungue dirisha. Wided akamjibu kwa Kijerumani sahihi, "Fungua mwenyewe." Wote wawili tuliwapa alama kamili, kwa kuwa ombi lilieleweka na jibu pia.

Walipotoka tulilinganisha karatasi. Kwa lile jibu la Jumapili mimi nilikuwa nimempa Hayet alama kamili, Kilani nusu.

"Sarufi yake imevunjika mifupa," alisema.

"Hii ni A1. Ulimwelewa?"

"Nilimwelewa."

"Kuna neno ambalo hukulielewa?"

Aliuchukua ufutio. "Wewe unampenda huyu mwanamke."

"Hanisalimu," nilimwambia. "Muulize yeyote hapa."

Alifuta nusu, akaandika kamili, akisukuma ufutio kwa hasira. Kisha akaivuta karatasi yangu ya Wided. Nilikuwa nimemkata alama katika kujitambulisha. Kilani aliniuliza kosa lilikuwa lipi. Nilitafuta kosa hilo kichwani mwangu kwa muda, na halikuwepo. Kulikuwa na kucha tu, na kitabu kilicholowa. Nikairudisha alama, naye akanitazama kama mtu aliyesubiri hilo tangu kahawa.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Hayet sitini na nane. Wided hamsini na nane. Kilichomwangusha zaidi ni barua: aliandika mistari miwili, pasipo salamu, akapata nane tu katika ishirini na tano.

Siku ya tatu teksi ilisimama nje ya kituo chetu cha lugha, na dereva akapanda kuniita. Darasa langu liko ghorofa ya pili, na abiria wake hawezi ngazi. Nilimkuta Mama Douja kiti cha nyuma, kioo kimeshushwa, shuka jeupe la kujitanda, safsari, limembana uso.

"Wewe ndiye uliyempa Hayet karatasi?"

Nilimwambia kwamba karatasi ameipata kwa mtihani.

"Yule? Akija mgeni nyumbani hatamki hata jina lake. Mwanangu, mpunguzie. Hujachelewa."

"Haipunguzwi, mama."

"Huyu mdogo hajui kukaanga yai. Unataka nife na njaa?"

Nilisema kwamba mtihani haupimi mayai. Lilikuwa jibu la kijeuri kwa mwanamke wa umri wake, na nilijua hivyo wakati nalisema. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, hadi kwenye kidole changu kisicho na pete.

"Mungu akupe uzee kama unaonipa mimi," alisema. "Ila wewe hutakuwa na hata mkwe wa kumnyima karatasi."

Akamwambia dereva aondoke. Sina mume wala mtoto, na Sfax nzima inajua. Nilipanda ngazi nikafundisha somo la viunganishi, sikumbuki nilisema nini.

Wided naye alipeleka malalamiko kwamba nina upendeleo. Makaratasi yalisahihishwa upya Tunis na watu wasiotujua. Yalirudi vilevile, hamsini na nane.

Hayet alikuja mwezi wa saba kuchukua cheti. Hakunishukuru, wala sikumtegemea. Alitaka kujua tu baada ya A1 wanataka nini. Nilimweleza kwamba akitaka kibali cha kudumu huko, watamdai B1, ngazi ya tatu, na humo ataongea na mtahiniwa mwingine, wapange jambo pamoja.

"Nitaongea na nani?"

"Na mtu usiyemjua."

Alifikiri. Hakuwa akitania. "Mtu asiyenikasirisha," alisema, "nitamwambia nini mimi?"

Nilimwambia ana miaka kadhaa ya kulitafuta jibu. Alikunja cheti chake mara mbili, jambo ambalo huwa nawakataza, akakitia ndani ya mkoba ule.

Wided alirudi mwezi wa tisa. Alikaa mbele kabisa, kucha fupi, vidole vinanuka kitunguu, na hakunisalimu. Kila somo aliniletea barua moja aliyoiandika nyumbani, akaitupa mezani. Nilizisahihisha zote kwa wino mwekundu, nikazirudisha kwa mtindo uleule. Za mwanzo zilikuwa za aibu. Kufikia mwezi wa kumi na moja zilikuwa barua. Mwezi wa kumi na mbili alipata sitini na moja, naye akawa wa kusafiri, na Mama Douja akapelekwa kwa binti yake Gabès, ambaye nasikia haelewani naye.

Wided alipokuja kuchukua cheti nilimsukumia daftari juu ya meza iliyo mlangoni ili atie saini.

"Mwaka mzima umenila," alisema. "Sijakusamehe, na usije ukadhani nimekusamehe."

"Saini hapo chini," nilimwambia.

Alitia saini akikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika, kisha akaniomba, kwa Kijerumani sahihi kabisa, nimpishe mlangoni.