Mkwe Juu ya Mabati

Amisa alikuwa na mkwe ambaye hajawahi kuongea naye ana kwa ana, wala hawakuwa na ugomvi. Rachid alimwoa binti yake Yasmina, akampeleka Gitega, na tangu hapo kila akija Muyinga hutazama chini, hupokea kitu kwa mikono miwili, na neno lake hulipitisha kwa mtu mwingine. Ndiyo heshima ya mama mkwe. Amisa aliipenda, ingawa kuna siku ilimchosha.

Mwaka huu mvua iliingia hadi chumba cha kushonea, ikalowesha vyerehani alivyoachiwa na marehemu mumewe. Rachid, fundi wa kuezeka, akapanda gari kuja kubadilisha mabati yaliyooza. Yasmina alibaki Gitega, mimba yake imekuwa nzito.

Alipoegemeza ngazi ukutani, Rachid alimwita Nadia, jirani.

"Nadia, ambia mama atoke ndani. Mi siwezi kukanyaga juu ya kichwa yake."

Nadia akamgeukia Amisa aliyesimama palepale mlangoni. "Mama Yasmina, mkwe wako anasema utoke."

"Mwambie nimesikia."

"Rachid, amesikia. Nyinyi watu mmenifanya simu, na hata vocha hamniwekei."

Amisa akatoka, akaketi uani na ungo wa maharage. Juu mabati yakaanza kulia chini ya miguu ya Rachid. Mkono ukiwa bado kwenye maharage, akakumbuka. Mumewe, ili washonaji waone tundu la sindano, aliweka katikati ya paa mabati mawili ya plastiki ya kupitisha mwanga. Ukiwa ndani unayaona hadi leo, yamekuwa njano kama chai. Lakini kwa juu? Vumbi la malori yaendayo mpakani Kobero limeyafanya mekundu sawa na yale ya chuma yenye kutu, na jua limeyakausha hata paka angeyapasua. Rachid hajui. Na aliyejua ndiye huyu aliyetolewa nje.

Akaacha ungo, akaingia. Juu ya plastiki kivuli cha mguu kilikuwa kinatua. Plastiki ikalia, ufa mwembamba ukapitisha jua.

"Rachid."

Hakuwahi kulitaja jina hilo mbele yake. Kivuli kikasimama.

"Mwanangu, hapo ni plastiki, imeoza. Rudisha mguu pole pole."

Ikaja sauti ndogo, kama ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni: "Mama, na we uko chini yangu."

"Niko. Heshima tutairudia ukishuka."

Akasogea pembeni, akachukua fito, akagonga mbao inayobeba mabati. "Ninapogonga ndipo penye mbao. Lala na tumbo, unifuate." Akagonga, akasubiri, akagonga tena. Tumbo la Rachid likaburuzika juu ya chuma kuifuata ile sauti, hadi ukutani penye ngazi.

Aliposhuka, kwa mazoea akamtafuta Nadia kwa macho.

"Mi sipo," Nadia akasema.

"Mama," Rachid akaanza, akitazama vidole vyake, "nilijua yote ni chuma."

"Ingia uone."

Wakasimama pamoja ndani, wakitazama juu.

"Nikileta mbao ndefu nikazilaza, nitakanyaga hizo," Rachid akasema. "Ila mvua itakuja leo, na mbao sina. Nipande tu kidogo..."

"Hupandi."

"Vyerehani vitalowa, mama."

"Vyerehani nitavifunika. We nitakufunika na nini?"

Rachid akaenda kuazima mbao kwa jirani. Aliporudi, Amisa alikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, na vipande vya kitenge cha njano mkononi. Alivifunga kwenye waya, akaupenyeza waya katika matundu ya misumari ya zamani, pembeni mwa plastiki, ili vitokeze juu ya paa kama alama.

"Unaona?" akauliza.

"Naona, mama," Rachid akajibu kutoka kwenye ngazi. "Weka ingine upande wa kushoto."

Akaweka ingine.