Kuushindisha Uvimbe Njaa

Fundi cherehani aliujua mwili wa mdogo wake kuliko alivyoujua wa kwake mwenyewe. Tangu wakiwa wasichana ndiye aliyemshonea, na ndiye aliyempachika jina la Bonge, akimtania kwamba kitambaa cha gauni lake moja kingetosha mapazia ya nyumba nzima. Bonge alikuwa akicheka mpaka anashika kiti. Basi siku fundi alipomzungushia futi kiunoni na kukuta sentimita kumi na moja zimeyeyuka ndani ya miezi miwili, hakuamini macho yake. Akapima tena.

"Ni hizo dawa, dada," Bonge akasema, akitazama pembeni. "Zinamkausha mtu."

Kweli alikuwa kwenye dawa. Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto, na daktari alipanga dripu sita za dawa ya saratani kabla ya upasuaji. Mbili zilikuwa zimepita. Lakini manesi walisema wagonjwa wengi hutapika siku tatu nne, kisha chakula kinaanza kupanda. Kwa Bonge hakikupanda hata kidogo.

Jumamosi, fundi akibadilisha shuka chumbani kwa mdogo wake, harufu mbaya ikamgonga pua. Akasogeza kabati. Nyuma yake palikuwa na mfuko umefungwa fundo: mayai, mkate, vipande vya nyama, kila kitu alichompelekea wiki nzima kwa mikono yake.

"Unataka kufa?" akamuuliza, mfuko ukiwa bado mkononi.

"Nataka huu uvimbe ufe, si mimi." Bonge alikuwa amekaa kitandani, mabega yamechongoka. "Si wewe ulinisomea?"

Fundi akauweka mfuko sakafuni. Akakumbuka. Alikuwa anapinda suruali ya mteja huku akisoma habari kwenye simu kwa sauti, ili tu kupoteza muda: kwamba mafuta ya mwili hutoa homoni ya kuuambia ubongo kuwa mtu ameshiba, na kwamba maabarani homoni hiyohiyo ilionekana kuzichochea seli za saratani ya titi. Mteja akaingia, simu ikawekwa chini. Habari yenyewe hakuimaliza.

"Mwenye mafuta mengi anayo nyingi," Bonge akasema. "Na mimi ni Bonge, dada. Jina lenyewe linasema."

Jumatatu daktari alitazama majibu ya damu, akavua miwani.

"Dripu ya tatu siwezi kumpa. Chembe nyeupe ziko chini mno, na kilo tisa zimeondoka. Nikimpa leo, dawa itamuua kabla ya ugonjwa."

"Lakini ile homoni ya mafuta, inayochochea saratani, si imepungua?" Bonge akauliza. Alikuwa na tumaini usoni, na hilo ndilo lililomchoma fundi zaidi.

"Huenda imepungua. Na homoni ya njaa, ile ya tumboni, huenda imepanda, nayo watafiti wanabishana bado inaufanya nini uvimbe. Hayo ni ya maabara, mama. Ninachokijua mimi ni kwamba uvimbe hausubiri wewe ule. Unachukua chake mwilini mwako, wewe unabaki na makombo. Nawapa wiki mbili. Kula."

Kula sasa kukawa vita. Koo lilikuwa limesahau kazi yake. Fundi alifunga kibanda chake, akawa anamlisha kijiko kwa kijiko, maziwa, supu, yai lililopondwa, na nusu yake ikirudi kwenye beseni. Siku ya tano Bonge alifumba mdomo, machozi yakimtiririka.

"Ninaulisha, dada. Kila nikimeza nausikia unakula."

Fundi akatupa kijiko ukutani. Alipiga kelele, akamwita mjinga, mkaidi, mchawi wa nafsi yake. Kisha akapiga magoti palepale kwenye supu iliyomwagika.

"Mimi ndiye mjinga. Nilikusomea jambo nusu. Nisamehe, mdogo wangu, lakini kula."

Bonge akajifuta machozi. Kisha akafungua mdomo.

Wiki mbili zilipotimia, mizani ilionyesha ameongeza kilo moja na robo tu. Chembe nyeupe zilikuwa zimepanda kidogo. Daktari akaligusa titi, akaligusa tena, vidole vikazunguka polepole, kisha akaosha mikono bila kuwatazama.

"Uvimbe umekua," akasema. "Si sana. Tutampa dripu leo, kwa kipimo kidogo. Kusubiri tena hatuwezi."

Walimkalisha kwenye kiti kando ya dirisha, mpira ukiingia mshipani. Fundi akamshikia kikombe cha maziwa. Bonge akanywa nusu, akakisukuma.

"Dada, uvimbe umekua nilipokuwa nafunga," akauliza kwa sauti ndogo, "au nilipoanza kula?"

 Fundi alikisogeza kikombe tena midomoni mwa mdogo wake, akakishikilia hapo, mpaka Bonge akafumba macho na kunywa.